Tiara ya Kifaduro

Wenzangu mlioteremka bandarini Maskati mwaka ule wa sitini na nne mkiwa bado mnashikwa mkono, nyinyi sina haja ya kukuelezeni sana. Mnayakumbuka yale majabali meusi yaliyotusimamia kila upande, hata mti mmoja wa kupumzishia macho hakuna, na mama zetu wakitazamana, kila mmoja akijiuliza nazi atazipata wapi. Mnamkumbuka punda wa maji na viriba vyake. Mnaukumbuka mzinga wa usiku, ukishalia mlango wa mji unafungwa na mtu hatembei ila awe na fanusi mkononi, hata kama anakwenda nyumba ya tatu kumwita mkunga. Wajukuu zangu wa Bausher nikiwasimulia haya huniuliza kama wakati huo Firauni alikuwa bado yuhai.

Lakini leo sitaki kusema habari za mzinga. Nataka kusema habari za tiara, kwa sababu juzi tulikwenda pwani ya Sib na mwanangu alikuwa amewanunulia watoto tiara ya dukani, ya nailoni, ina sura ya papa, imetengenezwa China, na uzi wake umezungushwa kwenye kishikio cha plastiki. Waliirusha dakika tano. Ilipoanguka mara ya pili wakaitia katika buti ya gari na kila mmoja akarudi kwenye simu yake. Nikasema moyoni, laiti Mjomba Khalfan angaliiona tiara hiyo, khasa lau angalisoma ilikotoka.

Mjomba Khalfan alikuwa kaka yake mama. Huko Unguja, kabla ya sisi kuhama, alifanya kazi miaka tisa kwa Mchina mmoja aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani na mapezi ya papa, akiyakausha na kuyapeleka kwao. Mchina huyo, mchana biashara ikipoa, alikuwa akimsomea Mjomba mashairi ya kale ya kwao, na mengi katika hayo yalikuwa ya tiara. Mjomba alituambia kwamba kwa Wachina tiara si mchezo wa watoto peke yao. Washairi wao wakubwa, watu wazima wenye ndevu na vyeo serikalini, walikaa kitako wakaandika juu ya karatasi inayoruka. Mchina akiyatafsiri kwa Kiswahili chake cha dukani, na Mjomba akiyapiga pasi. Hivyo ndivyo mashairi ya China yalivyofika Maskati, juu ya dari ya nyumba yetu, kwa Kiswahili cha Unguja.

Lilikuwapo la mzee aliyelala mchana akasikia ala inalia mbinguni, akatoka na fimbo yake kumtafuta mpigaji, kumbe ni tiara iliyotiwa filimbi. Lilikuwapo la mwenye cheo aliyeitazama tiara ya mtoto wa jirani ikipanda, akacheka peke yake, kwa kuwa na yeye kapandishwa na upepo tu. Hilo Mjomba alilipenda sana na kila akilisimulia alikuwa na mtu wake wa kumtaja. Na lilikuwapo la msichana ambaye nyumbani kwao kumeingia maradhi. Msichana aliyaandika maradhi yale juu ya tiara, akaipandisha mpaka ikawa ndogo kama nzi, kisha akachukua mkasi akaukata uzi. Tiara ikaenda zake na maradhi yakaenda nayo. Akifika hapo Mjomba hushusha sauti. Kwao, alituambia, tiara ya namna hiyo ikianguka hakuna anayeigusa, hata iwe nzuri vipi, kwa sababu atakayeiokota ndiye atakayebaki na mzigo uliomo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa skuli. Nilikuwa nimesoma darasa la kwanza Unguja, na Maskati ya wakati ule skuli haikuwa kitu cha mtoto wa kike kama mimi. Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani kwa mwalimu wetu, alasiri nikapanda darini kwa Mjomba. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, Bibi mzaa mama, Mjomba na mdogo wangu Nassor, wa miaka mitatu. Baba alikuwa Kuwait akifanya kazi. Alituletea nguo na dawa ya meno zimefungwa kwa magazeti ya huko, na sisi tulifurahia magazeti kuliko dawa ya meno, maana ndiyo yaliyokuwa karatasi yetu ya tiara.

Njukuti za mnazi za kuundia kiunzi hazikuwapo, na Mjomba alizilaani njukuti za mtende kwa uzito wake mpaka Bibi akamwambia anamkufuru aliyeziumba. Mwisho akapata mianzi kutoka matenga ya matunda ya Bara Hindi, akaichonga na kuipitisha motoni. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliopikwa. Mikia ilikuwa vitambaa vya kanga za Bibi zilizochakaa, na uzi ulikuwa wa mama wa kushonea kofia za viua, tuliouomba mara moja na kuuchukua mara kumi. Juu kabisa Mjomba alifunga ukanda mwembamba wa karatasi uliovuma kwenye upepo, tukapata burutangi khasa. Jioni moja mwanamke wa mtaa wa nyuma alitoka nje akisoma Ayatul Kursiyyu, akidhani ni jini.

Sisi watoto wa Unguja ndio tuliowafundisha watoto wa mtaa sheria zetu, na tuliwafundisha kwa kiburi kikubwa. Tiara ikikatika ikaenda arijojo, ni ya atakayeiokota. Mwenyewe hana haki hata ya kununa. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Thuraya, binti wa jirani yetu wa mbele, rika langu, ambaye nilimpa Kiswahili akanipa Kiarabu. Dari yao ilikuwa chini kidogo ya yetu na kichochoro kilikuwa chembamba hata tukipeana tende kwa mkono. Thuraya alitamani tiara ya Mjomba kwa miezi mingi. Mjomba alimwahidi, akasahau, akamwahidi tena.

Bibi peke yake ndiye aliyekuwa hana rafiki. Mwaka wa pili ulikuwa unakwenda na hakuwahi kuingia nyumba ya jirani hata moja. Wakija kumwamkia aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, ila yeye hakurudisha ziara. Mama akimwambia ni aibu, hujibu, "Mimi msafiri, mwanangu. Msafiri hajijengei majirani." Hata mandazi yake aliyapika akiyalalamikia, maana hayakuwa na tui, na akiyaita mandazi ya yatima. Tuliyala yote.

Basi baridi ya mwaka huo Nassor akashikwa na kifaduro. Nyinyi mliowahi kukisikia mnajua. Mtoto hukohoa, hukohoa, hukohoa bila ya kupata nafasi ya kuvuta pumzi, uso ukawa mwekundu kisha ukaingia rangi ya zambarau, halafu huvuta pumzi kwa mlio ambao mpaka leo nikiusikia hunisimamisha. Kisha hutapika kile kidogo alichokula. Mama alimpeleka hospitali wakampa dawa ya chupa. Mwalimu wetu wa chuoni akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, na Nassor akanyweshwa kijiko kijiko. Nilikaa pale nikiyatazama maandishi yanavyoyeyuka yakawa maji ya manjano. Nassor alikuwa amekonda, na usiku mama halali, na nilimsikia akimwambia Mjomba kwa sauti ya chini kwamba hajui atamwandikia nini baba yake, mtoto huyu akiwaponyoka.

Sasa fikirieni akili ya mtoto wa miaka minane. Nimeona kwa macho yangu kwamba kwetu maneno yakiandikwa yanaweza kuwa dawa. Na ninalo kichwani shairi la msichana wa China. Nikaona mwalimu ameshafanya la kwetu, imebaki mtu afanye la Kichina, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nilingoja alasiri moja Mjomba amechelewa kazini Matrah, mama amepitiwa na usingizi pembeni mwa Nassor, na Bibi yuko juu ya msala wake akisali. Nikaichukua burutangi mpya, nikaloweka zafarani ya Bibi, na kwa njiti ya kibiriti nikaandika juu ya gazeti la Kuwait kwa hati zangu zilizopinda: kifaduro cha Nassor. Nikaipandisha. Ilipanda vizuri siku ile, ikapita ncha ya mnara, ikavuma. Nilimwomba Mungu aipeleke baharini, mbali, kusiko na watu. Kisha nikakata uzi kwa mkasi wa mama.

Upepo wa Maskati mnaujua. Unatoka baharini ukapiga majabali ukarudi na hasira zake. Tiara yangu iliyumba, ikazunguka mara mbili, ikarudi ilikotoka, ikalala taratibu juu ya dari ya kina Thuraya.

Thuraya alikuwa pale. Aliiokota akaikumbatia, akaniinulia juu nione, na akanipigia kelele kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe: "Imekatika. Yangu." Kumwambia airudishe ni kuivunja sheria tuliyoileta wenyewe, na kumwambia kilichomo ni kukiri nilichokifanya. Nikashuka chini, mama ameshaamka, nikajifanya ninamsaidia kupepeta mchele.

Wiki ile Nassor akaanza kula. Nyumba nzima ilimshukuru Mungu, na mimi ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli. Na siku chache baadaye, nikiwa darini, nikasikia kutoka ng'ambo ya kichochoro mlio ule ule wa kuvuta pumzi. Alikuwa Thuraya.

Siku tatu sikula vizuri. Nilikuwa nimemwokoa ndugu yangu kwa kumtupia mzigo rafiki yangu, na yeye ameupokea kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi ya Idi. Nikiusikia mlio ule ninaziba masikio. Siku ya nne nikaingia chumbani kwa Bibi, nikamkuta juu ya msala wake na tasbihi.

"Bibi, nimefanya jambo."

"Jambo gani?"

Nikamweleza lote, Mchina, shairi, mkasi na Thuraya.

"Umeandika kwa kitu gani?" aliniuliza.

"Kwa zafarani yako."

"Yote?"

"Imebaki kidogo."

Akavuta pumzi. "Zafarani nilokuja nayo kutoka Unguja, nnaitilia chembe kwa chembe," alisema, na kwa dakika nzima nilidhani hilo ndilo kosa langu kubwa. Kisha akanivuta karibu. "Nisikilize, Rahma. Maradhi huyaleta Mungu na Mungu huyaondoa. Karatasi haina nguvu hiyo, si ya Mchina wala si ya nani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umeamini?"

Kumdanganya Bibi juu ya msala wake sikuweza. Nikatikisa kichwa kwamba sikuamini, nikaanza kulia. Bibi akaiweka tasbihi chini. Halafu akainuka akavaa buibui lake, akachukua chupa ya asali iliyotiwa tangawizi na habbasoda. "Nifuate," alisema. "Kiarabu changu cha kusalia tu, hakitoshi kuombea tiara."

Hivyo ndivyo Bibi alivyovuka kichochoro kwa mara ya kwanza. Mama yake Thuraya alipofungua mlango alimbusu Bibi kichwa, akamwingiza ndani. Thuraya alikuwa kwenye godoro, macho mekundu, na tiara iko pembeni yake mkia umekunjwa vizuri. Bibi alimsomea, akamlambisha asali, akamfuta jasho kwa upindo wa kanga. Kisha akaniambia nimwombe Thuraya tiara.

Thuraya akaivuta kifuani. "Imekatika," alisema kwa sauti iliyokauka. "Yangu."

Bibi akacheka. Tangu tuteremke melini sikuwahi kumsikia akicheka vile. "Kweli ni yako," alisema. "Mwambie mimi namwomba, simnyang'anyi. Mwambie mimi mzee, na maisha yangu yote sijapata kuwa na tiara. Na Mjomba atamfanyia mbili nzuri kuliko hii, asipofanya mimi naye."

Nikatafsiri. Thuraya akafikiri, akakohoa kwanza mpaka machozi yakamtoka, halafu akainyoosha tiara kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake. Tulipotoka nje Bibi alisimama katikati ya kichochoro, mzee wa heshima na buibui lake, burutangi kwapani, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha: "Basi. Mwenye kuiokota ni mimi. Kila kilichomo ni changu."

Siku ya pili yake akaanza kukohoa.

Nilimhudumia kwa moyo wangu wote. Nilimchemshia maji, nilimkanda mgongo, nilikaa miguuni pake nikihesabu vikohozi vyake na kusikiliza vya Thuraya dirishani. Tiara ilitundikwa ukutani juu ya kitanda chake. Siku moja nilimwuliza mbona Thuraya bado anakohoa, ikiwa maradhi yameshahamia kwake. "Maradhi hayahami siku moja," alinijibu. "Sisi wenyewe tumehama kwa mafungu, au umesahau?" Jibu hilo niliona lina akili. Kila alasiri alijikokota akavuka kichochoro na chupa yake ya asali, na kidogo kidogo akawa anakaa huko mpaka magharibi, akibishana na mama yake Thuraya juu ya kahawa ipi inachemshwa vizuri, kila mmoja kwa lugha yake. Mjomba naye alikuwa amesemwa mpaka akawa mdogo. "Mimi nimesimulia shairi tu, mama, sikumwambia mtu afanye," alikuwa akijitetea, na Bibi akimwambia yeye na Mchina wake wakae mbali na zafarani yake.

Baridi ilipokuwa inakwisha Thuraya alipanda darini kwao, amekonda lakini anacheka, na tiara mbili mkononi. Bibi akaniita. "Kimekwisha," alisema. "Kimefika kwa mtu mzima kikashindwa. Hakina tena pa kwenda." Akaitoa burutangi ukutani akaisukuma chini ya birika la kahawa. Mianzi ilichukua muda kuwaka. Nililala siku hiyo kama mtoto mchanga, na toka hapo sikumsikia Bibi akikohoa tena.

Mwaka wa sabini akaingia Sultani mpya na mambo yakageuka, kama mnavyojua, na skuli za wasichana zikafunguliwa. Nilisoma, nikawa muuguzi, nikachanja watoto wa nchi hii mpaka mkono ukaniuma. Nilijifunza kwamba kifaduro huambukizwa kwa pumzi, na nikakumbuka kuwa mimi, Nassor na Thuraya tulikuwa tukinywa maji kwa kopo moja. Tiara haikuwa na hatia. Niliyatafuta pia mashairi ya Mjomba katika vitabu, na kweli nimeona Wachina wa kale walivyoipenda tiara, watoto wao, upepo wao na uzi wao uliokatika. La yule msichana sijaliona mpaka leo. Nilimwuliza Mjomba alipokuwa mzee sana, akaniambia labda mwenye kitabu alisahau kulitia.

Jambo moja lilibaki likiniuma. Uuguzi uliniambia kwamba mzee akikohoa mwezi mzima si jambo dogo, na aliyemkalisha katika chumba cha mgonjwa ni mimi. Bibi alikuwa ameshafariki miaka mingi, Mungu amrehemu, nilipomwambia mama. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikasema, mimi ndiye niliyempa Bibi kifaduro.

Mama akaweka kikombe chini. "Bibi yako?" alisema. "Bibi yako hakukohoa hata siku moja. Wewe ukiingia anakohoa, ukitoka anakunywa kahawa. Nikamwuliza, mama, una nini? Akanambia, niache, mtoto huyu kabeba mzigo si wake, nnamshikia mpaka wakati wa kuutua."

Nililia pale pale mbele ya chai, mwanamke mwenye wajukuu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu mmoja alipata mafua makali, akamwambukiza mdogo wake, na mdogo akalazwa siku mbili. Msichana ana miaka minane. Aliiuliza simu kama kosa ni lake, na simu ikamjibu kwa dakika moja, jibu sahihi kabisa, mimi mwenyewe nisingaliweza kulisema vizuri zaidi. Alilisoma mpaka mwisho. Kisha akaiweka simu kifudifudi na akaendelea kukaa sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha mdogo wake. Sisi wakati wetu hatukuwa tukijua lolote, na palikuwa na watu wazima wenye nafasi ya kutulia mwezi mzima juu ya ujinga wetu. Hawa wanajua kila kitu, na sisi wakubwa wao tuko njiani, tunatafuta pa kuegesha gari.

Nikaketi sakafuni karibu yake, magoti yakilalamika, nikakohoa mara mbili.

Akanitazama. "Bibi, unajifanya."

"Najua," nilimwambia. "Sogea."

Akasogea, akalaza kichwa chake mapajani mwangu, nami nikaendelea kukohoa.